Nchi Isiyo na Mlima Wala Mto

Wadogo zangu wa chumba cha walimu, kabla sijarudisha ufunguo wa kabati la ramani mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Za kwanza ni fupi, za pili zinachekesha, na zote mnazijua. Nitawaandikia habari ya somo moja, lile la nchi ya visiwa vya matumbawe, kwa sababu ndilo lililoniletea maneno kuliko yote, na kwa sababu nasikia mmeanza kuulizana kama liendelee au lifutwe. Naandika Kiswahili cha vitabu ili hata asiyeijua Kamina anielewe. Watu nitakaowataja nitawaacha waseme cha kwetu, maana ukimnyang'anya mtu wa Kamina "njo" yake, yaani "ndiyo", umemnyang'anya nusu ya hoja.

Nilizaliwa Kumema, mtaa wa wavuvi kando ya ziwa Kisale, upande wa Kinkondja. Jina lenyewe kwa Kiluba ni "kwenye maji", na waliolitoa hawakuwa wanatania. Baba alikuwa mvuvi, mama alikausha samaki juu ya moshi, na mimi nikapelekwa Kamina kwa shangazi ili nisome. Nilisoma jiografia kwa sababu nafasi za somo lile hazikuwa na wagombea. Nikaajiriwa kwenye lise, shule ya sekondari iliyo karibu na reli, mwanamke pekee kati ya walimu wake, na siku ya kwanza mlinzi wa lango alinielekeza kwenye mlango wa wazazi.

Chumba changu kilipakana na njia ya treni. Kila treni ya mizigo ilipopita, mwalimu alinyamaza na dari lilidondosha vumbi juu ya vichwa vya wanafunzi. Siku hizi treni ni chache na mnafundisha bila kukatizwa. Sina hakika kama hayo ni maendeleo.

Aliyenipokea ni Prof Mukalay (kwetu kila mwalimu wa sekondari ni prof), mwalimu wa jiografia kabla yangu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini na mifuko iliyojaa vipande vya chaki. Alichora Afrika nzima ubaoni bila kuinua mkono, kuanzia Tanja hadi kurudi Tanja, na alikasirika mtu akimsifu kwa hilo. Alisema ni bara, halihamihami, anayelikosea ni mvivu. Yeye ndiye aliyenipa sura ya visiwa, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyeitaka. Ilikuwa ukurasa mmoja mwembamba juu ya Maldivi, nchi ya visiwa vilivyotawanyika baharini kama punje, isiyo na mahali pa juu kuliko paa la nyumba ya kawaida.

Mimi nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Darasani alikuwemo mmoja tu aliyeiona, mtoto wa askari wa kambi ya Base aliyezaliwa Moanda, kule pwani, na kwa ajili hiyo aliheshimiwa kuliko mimi. Nilisimama, nikafungua kitabu, nikaanza kuwaandikisha sentensi moja baada ya nyingine. Kijana mmoja wa nyuma, Mulumba, akainua mkono.

"Madame, ile inchi iko na mulima?"

Nikajibu hapana.

"Iko na mutoni?"

Hapana, nikasema, haina mto hata mmoja.

"Sasa iko inchi, ao iko mukeka?"

Walicheka hadi treni ikapita bila mtu kuisikia. Prof Mukalay alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, na hakucheka. Darasa lilipotoka alinijia na kuniuliza nimezaliwa wapi, ingawa alijua. Nikamwambia Kumema.

"Weye uko mutoto wa Kisale," akasema. "Sababu gani unabaelezea maji sawa muntu wa ku biro?"

Biro ni ofisi, na hakungoja jibu langu. Kesho yake alikwenda stesheni na kurudi amekumbatia chombo kikubwa cha kioo, cha zile betri za zamani zilizoendesha simu za upepo za reli. Kilikuwa kimelala kwenye ghala kwa miaka, kina ufa upande mmoja, lakini kilishika maji. Nawaeleza sasa tulivyokitumia, maana najua baadhi yenu mmelisikia jaribio hili bila kuliona.

Jaza mchanga safi wa mto, uufanye kilima kidogo katikati. Chukua maji, koroga chumvi nyingi, tia punje chache za dawa ile ya zambarau ya zahanati mpaka maji yawe mekundu. Yamwage polepole pembeni mpaka mchanga wote ulowe na kilima kibaki kimejitokeza kidogo. Hiyo ndiyo bahari, na hicho ndicho kisiwa. Halafu toboa kopo kwa msumari na uinyeshee mvua ya maji matamu juu ya kilima. Usiwe na haraka. Mwalimu mwenye haraka hupata tope. Ukiwa mtulivu utaona kupitia kioo kwamba maji matamu yanazama kidogo tu ndani ya mchanga, yanausukuma wekundu chini, kisha yanakaa hapo juu yake, mepesi, katika umbo la tumbo la mtumbwi. Maji ya kisima cha kisiwani yanachotwa hapo. Chomeka utete na uvute kidogo, utapata maji meupe. Vuta kwa pupa, unavuta bahari.

Siku ile niliwaacha wao wavute. Mulumba akavuta kwa pupa, akatema. Aliyezungumza ni Salima, binti wa Papa Ramazani, mfanyabiashara wa vitenge, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani. Kwa kawaida alikuwa mkimya.

"Njo kusema, Madame, bantu ba kule banakunywa mvula yenye inaelea juu ya bahari."

Nilimwambia sijawahi kusikia ikisemwa vizuri zaidi, na mpaka leo sijasikia.

Baada ya hapo nilifundisha visiwa kwa namna nyingine. Niliwaambia kwamba hapo mwanzo palikuwa na milima ya moto iliyochomoza kutoka chini ya bahari. Kandokando ya milima hiyo, mahali penye mwanga, waliishi wanyama wadogo, wengine wadogo kuliko kichwa cha kiberiti, na kila mmoja alijijengea kikombe cha chokaa. Mlima ukaanza kuzama, taratibu mno, kwa muda ambao akili ya mtu haiushiki. Wanyama wale hawawezi kuishi gizani. Kwa hiyo kizazi kilijenga juu ya vikombe vya kizazi kilichokufa, kikifuata mwanga. Mwisho mlima ulitoweka kabisa, na kilichobaki ni duara la matumbawe likizunguka maji yaliyotulia. Duara hilo dunia nzima inaliita atoli, na neno lenyewe limetoka kwa watu wa Maldivi, jambo ambalo wanafunzi wangu walilipenda. Wako samaki wenye mdomo kama wa kasuku wanaotafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Mawimbi yanaukusanya mchanga ule juu ya duara, nazi inaota, watu wanakuja. Upepo wa msimu ukigeuka, ufuko unahama upande mmoja wa kisiwa na kwenda mwingine, na msimu ukirudi, nao unarudi.

Prof Mukalay alilieleza hilo kwa maneno machache kuliko mimi. "Mulima ulizama," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Bale badudu balikatala."

Papa Ramazani alikuja shuleni baada ya wiki chache. Nilidhani amekuja kulalamika, kwani wazazi walikuja kwa sababu hiyo tu. Alitaka nimwonyeshe nchi ile ambayo binti yake alisema watu wake wanaswali kama wao. Nikamfungulia ramani ya ukutani. Ilikuwa vidoti tu chini ya India, vidogo kiasi kwamba mchapaji hakupata nafasi ya kuandika jina juu yake na akaliweka pembeni baharini. Akavitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Hata Kasongo ya babu yangu, mu ramani iko kadoti," akasema. "Lakini tuliishi mule." Kisha akashukuru na kurudi dukani. Salima alimaliza shule, na leo anafundisha kemia huko Kolwezi. Nasikia ni mkali.

Prof Mukalay alistaafu, akafa nyumbani kwake akiwa na chaki mfukoni, na mimi nikaendelea. Miaka mingi hiyo siwezi kuisimulia mmoja mmoja. Ramani zilikatika, nikazishona kwa uzi wa nyavu. Tufe la shule liliibwa, likarudishwa likiwa limebonyea kwenye Pasifiki. Wanafunzi waliniita Madame Kisiwa nisiposikia, na nilisikia. Mara kwa mara mkaguzi aliuliza visiwa vina faida gani kwa mtoto wa Haut-Lomami, jimbo letu la reli na treni za shaba, nami nikamjibu kwamba mtoto anayejua mahali alipo tu hajui hata hapo alipo. Wengine walikubali. Wengine waliandika kitu.

Halafu ikaja miaka ya maji mengi. Mvua zilikuwa nzito, mto Lualaba ukavimba, na Kisale ikaanza kuingia Kumema mpaka chini ya vitanda. Mwanzoni mwa msimu mmoja wa mvua kaka yangu Umba, mkubwa wa wavuvi wa pale, alinipigia simu. Alisema wamekuja watu wa mradi wa mafuriko pamoja na wakubwa wa utawala. Wanapima, na siku chache zijazo watakutanisha mtaa mzima ili ukubali kuhama. Watapewa viwanja juu kwenye tambarare, upande wa Kabondo-Dianda, mbali na ziwa. Akasema watu wa mradi wanatumia maneno ya shule, na pale hapana mtu wa kuwajibu kwa maneno hayo.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule, tunayemwita prefe, kuomba ruhusa. Akanikatalia. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa serikali, na alisema mambo ya mtaa wangu yana wenyewe. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa upande wake. Nikamwambia kwamba wenyewe ndio mimi. Akaniambia nikiondoka nitakuta mambo yamebadilika. Nikamjibu kwamba nisipoondoka nitayakuta yamebadilika huko kwetu, na huko nina kaka. Nikamkabidhi mwenzangu wa historia masomo yangu, nikapanda treni hadi Bukama, kisha boti ya mbao ya injini iliyojaa magunia ya unga na baiskeli, tukateremka na mto.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la mabati pale wanapopimia samaki. Aliyesimama mbele ni mhandisi wa mradi, kijana aliyeitwa Didier, mpole, mwenye viatu vilivyokwisha haribika kwa matope yetu. Alikuwa ametundika ramani kubwa ya ziwa. Alieleza vizuri, siwezi kumdhulumu: mvua za mbali, mto uliojaa mchanga, kingo zinazolika. Kisha akaonyesha Kumema. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu.

Nikaomba kusema. Nikamuuliza kama ile bluu ni maji ya leo.

"Hapana, Madame. Iko maji yenye itakuya."

"Na siye, mu hii ramani, tuko wapi?"

Hakutaka kusema uongo, na kwa hilo nilimheshimu. "Mu ramani ya ile wakati," akasema, "hamuko."

Nilikasirika, wadogo zangu, kuliko nilivyowahi kukasirika mbele ya mkaguzi yeyote. Nimetumia maisha yangu kufundisha watoto kusoma rangi. Najua bluu ni nini. Sijawahi kumwambia mtoto kwamba mahali ambapo mtu amelala usiku huu ni bluu.

Nikasema tungoje, tuitazame kwanza nchi iliyopo. Nikawaambia watu wa Kumema habari za Maldivi. Hawakuwa wamewahi kuzisikia. Niliwaambia kuna taifa zima, lenye bendera na shule na misikiti, linaloishi mahali palipo chini kuliko kingo zetu, na bahari inayolizunguka inaimeza Kisale bila kuonja. Kila mwaka wageni wanaliandikia kwamba limekwisha. Sikuwaficha kwamba kule pia viko visiwa ambavyo watu walivihama baada ya mawimbi. Niliwaambia na jambo ambalo wakaguzi hawakuwahi kuniuliza: zamani watu wa kule walichimba matumbawe wajengee nyumba, kwa kuwa nchi haina jiwe jingine, na pale walipochimba sana mawimbi yaliingia moja kwa moja. Matumbawe yale hai ndiyo ukuta wao. Wimbi linavunjikia huko nje na kufika ufukoni limechoka.

Kisha nikawauliza kitu ambacho wote walikijua. Nikawauliza mafunjo yaliyokuwa mbele ya Kumema nilipokuwa mtoto yamekwenda wapi. Palikuwa na ukanda mpana wa mafunjo, mengine yakielea na kubeba watu na vibanda vya wavuvi, na mtumbwi ulipita kwa njia nyembamba. Yalikatwa kupanua njia ya boti, yalichomwa kupata mahali pa bustani, yaling'olewa kwa sababu yalikuwepo. Tulijichimbia matumbawe yetu wenyewe.

Sikuwaambia maji hayatakuja. Nataka hili liandikwe wazi, kwa sababu baadaye lilisemwa vingine. Niliwaambia yatakuja, labda mwaka huu huu. Nilisema nyumba za mbele zirudi nyuma, zipande juu ya ule ukingo wa vichuguu ulio nyuma ya mtaa, ambao maji ya zamani hayakuufikia. Gati libaki palepale. Mafunjo yapandwe tena na asiyaguse mtu. Na jina la Kumema lisifutwe na mtu yeyote wakati wenye jina wako hai.

Mama Kabange, mkausha samaki mzee kuliko wote pale, aliinuka bila kuombwa. Alizungumza na Didier kama anavyozungumza mtu na mjukuu wake.

"Mwana, kule munatupeleka, samaki atatufwata?"

Didier akasema hapana, Mama.

"Basi enda weye mbele. Ukiona samaki, utatuita."

Mtaa ukakataa. Wakubwa wa utawala waliondoka wamekasirika, na mmoja aliniambia kwa upole kwamba mtu akifa maji damu yake itakuwa juu ya kichwa changu. Didier alibaki nyuma akikunja ramani. Aliniambia, "Madame, minyi siko adui." Nikamwambia najua, ndiyo maana ninabishana naye, adui sibishani naye. Akauliza ukingo wa vichuguu uko wapi hasa. Nikampeleka.

Maji yalikuja kabla ya Pasaka, makubwa kuliko tuliyoyajua. Familia nyingi zilikuwa zimekwisha hamia ukingoni, nyingine zilikuwa bado zinafyatua matofali. Umba alikuwa wa mwisho kuhama, kwa sababu alisaidia wengine kwanza na kwa sababu ni mbishi, tabia ambayo kwetu inarithiwa. Nyumba yake, ambayo ni nyumba ya baba yetu, ilianguka mchana mweupe, watu wakiitazama. Alikuwa amekwisha watoa mke na watoto kwa mtumbwi. Hakufa mtu Kumema. Narudia, hakufa mtu. Lakini nilipofika wakati wa likizo nikamkuta kaka yangu ameketi juu ya kichuguu akitazama mahali ambapo mlango wa baba ulikuwa, na sasa palikuwa na maji ya rangi ya chai. Nikaketi karibu naye. Kisha akaniuliza mafunjo yanapandwa kwa mbegu au kwa mizizi.

Wako waliosema nililaghai mtaa. Mjini Kamina nilisikia sokoni kwamba mwalimu mmoja mwanamke aliwazuia watu wasiokolewe. Wako wanaosema hivyo hadi leo. Sikubali. Waliopelekwa tambarare kutoka mitaa mingine nimewatembelea. Wanatembea mbali kutafuta maji ya kunywa, na wanaume wao wamerudi ziwani, wanalala kwenye vibanda, mbali na wake zao. Wao hawakuokolewa kutoka kwenye maji. Walihamishiwa mbali na chakula chao, basi. Nilisikitika kwa ajili ya nyumba ya baba na bado nasikitika, lakini masikitiko si hukumu.

Tulipanda mafunjo kiangazi kilichofuata, kwa vipande vya mizizi, tukiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Didier alirudi na vyombo vyake, bila mabango na bila wakubwa, akapima ukingo wote wa vichuguu na kuchomeka vijiti kuonyesha nyumba zisishuke chini ya wapi. Mvuvi mmoja alikata mafunjo mapya ili apitishe boti. Mama Kabange alimfuata hadi nyumbani kwake, akaketi mlangoni kutwa nzima bila kusema neno, mpaka yule bwana akaenda kupanda mengine. Misimu iliyofuata maji yaliingia tena, si haba, lakini yaliingia yakitembea. Hapo awali yalikuwa yakikimbia.

Shuleni prefe alitimiza neno lake. Alininyang'anya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, akanipa wadogo wa mwaka wa kwanza, wale ambao bado wanalia wakipoteza kalamu. Alidhani ni adhabu. Katika programu ya mwaka wa kwanza hamna visiwa vya matumbawe, kuna mashariki na magharibi na jinsi ya kutunza daftari. Nikawafundisha mashariki na magharibi, kisha nikawaletea mchanga, chumvi na dawa ya zambarau.

Mkaguzi akaja, mpya, mwenye kalamu nyekundu. Alikaa mpaka mwisho wa somo, akaniita kando na kuniambia jambo hili halimo katika programu ya darasa hili.

"Halikuwamo," nikamwambia. "Sasa limo."

Akaniuliza kama najua anaweza kuniandikia nini. Nikamwambia naelewa, na kwamba akimaliza kuandika aulize mtoto yeyote katika darasa lile kwa nini kisima cha kisiwani hakichotwi kwa pupa. Sijui aliandika nini. Najua alimuuliza msichana mmoja wa Base, kwa sababu nilimsikia yule msichana akimrekebisha.

Hivyo nilimaliza miaka yangu, na watoto wa mwaka wa kwanza. Sikuomba kurudishiwa wakubwa. Mnaoulizana kama somo liendelee, jueni hoja itakayoletwa kwenu: kwamba nchi ile inazama, kwa nini tumchoshe mtoto kwa habari za marehemu. Mkisikia hivyo, msibishane juu ya Maldivi. Muulizeni anayesema amezaliwa wapi, na kama angependa mahali hapo pafundishwe kwa wakati uliopita. Mlima, mto, kisiwa, kila kitu katika ardhi kinahama au kinazama au kinajengwa upya. Kama hilo ni sababu ya kutofundisha, fungeni shule.

Watoto wangu wako Lubumbashi. Nilipostaafu walikuwa wameniandalia chumba, chenye sakafu ya vigae na televisheni, mahali pakavu kabisa. Walinisihi kwa siku nyingi. Mkubwa alisema, "Mama, muntu wa jiografia anawezaje kwenda kukaa ku maji?" Nilimwambia anayeyajua maji ndiye wa kukaa karibu nayo, na kwamba nitakuja kumtembelea kila vigae vikihitaji kukanyagwa.

Nimejenga Kumema, juu ya ukingo, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Fundi alitoka Kinkondja kwa baiskeli, mtu hodari. Alipofika kwenye mlango wa mbele alisimamisha kazi. Alinishauri auelekeze barabarani, kama watu wengine wafanyavyo siku hizi, ili nisiamke kila asubuhi nikitazama maji yatakayonitoa siku moja. Aliniuliza mara mbili. Nilimjibu mara moja, akaupima mlango upande wa ziwa.